PICHA YA MAPAFU NA MOYO SI ANASA, WALA SI DAWA

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumba, na ninyi vijana mnaowasomea wazee ukurasa huu,

Mara nyingi ukurasa wa Usalama na Afya hukukumbusha kofia, viatu, vumbi na mwamba uliolegea. Leo tunataka kuzungumza nawe juu ya jambo linalotokea mbali na shimo. Mtu wa nyumbani mwako amelazwa kwa ugonjwa wa virusi. Anahema kwa shida. Mganga anasema: "Tunahitaji picha ya kifua, na tuangalie moyo pia."

Kando ya kitanda maneno huwa mengi. Mmoja husema picha ni njia ya kula pesa za mgonjwa, mganga atoe dawa basi. Mwingine husema bila picha hakuna kupona, kwa hiyo mgonjwa apakiwe kwenye piki-piki usiku huo huo mpaka Kindu. Mawazo yote mawili yanaweza kupoteza mtu.

Maoni yetu ni haya. Picha ya mapafu na moyo si anasa, wala si dawa. Ni macho ya mganga. Macho hayo yanafaa yakifunguliwa kwa wakati wake, baada ya pumzi ya mgonjwa kulindwa. Na kwa mtu aliyekula vumbi la migodi, yanafaa zaidi kuliko kwa mtu mwingine.

VIRUSI HUFANYA NINI NDANI YA KIFUA

Virusi ni vijidudu vidogo mno, vidogo kuliko bakteria, na haviwezi kuzaana ila ndani ya mwili wa kiumbe hai. Vingine huleta mafua ya siku tatu na kwisha. Vingine hushuka mpaka mapafuni. Nchi yetu imeviona. Tangu mwanzo wa 2019 mpaka Januari 2020, surua ilihesabiwa kwa watu zaidi ya 310,000 katika Kongo, na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Surua mara nyingi huua kwa njia ya nimonia. Kabla ugonjwa huo haujazimwa, tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona akatangazwa Kinshasa. Na gripi, ile homa ya mafua makali, haijawahi kutuacha.

Ndani ya mapafu mna vifuko vya hewa, vidogo sana, mamilioni na mamilioni. Hapo ndipo damu inapochukua oksijeni. Virusi vikali vikifika huko, vifuko huvimba na kujaa maji. Mgonjwa anavuta hewa kwa nguvu zake zote, lakini oksijeni haifiki kwenye damu. Ni kama pampu ya shimoni ambayo bomba lake limeziba: mota inanguruma, maji hayapandi.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba moyo nao huumia, na huumia kwa njia tatu. Kwanza, moyo ni msuli, na msuli usiopata oksijeni huchoka. Pili, virusi vinaweza kuuvimbisha msuli wa moyo wenyewe, hata kwa kijana mwenye nguvu. Tatu, katika magonjwa kama Korona damu inaweza kuganda na kuziba mishipa ya mapafu. Hapo upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu kwenda mapafuni, husukuma kwenye mlango uliofungwa. Upande huo unapanuka, unalegea, na mwisho unashindwa.

Sasa fikiri kama mganga. Mbele yako wako wagonjwa wanne, wote wanahema haraka. Mmoja ana nimonia ya virusi. Wa pili moyo wake umeshindwa na maji yamerudi mapafuni. Wa tatu ana maji mengi kati ya mbavu na pafu, pengine kwa sababu ya kifua kikuu. Wa nne mshipa wa pafu umeziba. Kwa macho matupu wanafanana. Dawa zao hazifanani. Yule mwenye moyo ulioshindwa ukimfungulia serumu, chupa juu ya chupa, utamzamisha kitandani. Wa tatu anahitaji maji yatolewe kwa sindano. Wa nne anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Hii ndiyo sababu ya picha. Mganga hataki kupamba faili. Anataka kujua ni yupi kati ya hao wanne.

MASHINE TATU, KAZI TATU

Ya kwanza ni radiografi, picha ya mionzi. Röntgen aliigundua mionzi hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Mionzi hupita kifuani na kupiga kivuli. Hewa huonekana nyeusi, mfupa huonekana mweupe. Pafu zima huwa jeusi; penye nimonia panakuwa na mawingu meupe. Nimonia ya Korona mara nyingi huonekana pande zote mbili, pembeni na chini. Picha hiyo huonyesha pia kivuli cha moyo. Kwa mtu mzima aliyesimama vizuri, moyo ukizidi nusu ya upana wa kifua, mganga hushuku kwamba umepanuka. Lakini picha iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala huukuza moyo kuliko ulivyo, kwa hiyo usishangae mganga akiuliza ilipigwaje.

Watu wengi huogopa mionzi. Ni vizuri kuwa na hadhari, lakini jua kipimo chake. Radiografi moja ya kifua hutoa mionzi karibu sawa na ile ambayo mwili hupata kutoka ardhini na angani kwa siku kama kumi. Mama mwenye mimba amwambie mganga kabla ya picha, ili akingwe au apewe njia nyingine.

Ya pili ni ekografi. Ndiyo mashine ile ile ambayo akina mama wanaijua kwa sababu ya kumtazama mtoto tumboni. Haina mionzi, hutumia sauti ambayo sikio halisikii. Huko Lund, Sweden, mwaka 1953, mganga Edler na mtaalamu wa fizikia Hertz waliielekeza sauti hiyo kwenye moyo kwa mara ya kwanza. Leo ekografi inaonyesha moyo ukipiga: kama unasukuma kwa nguvu au kwa unyonge, kama upande wa kulia umepanuka, kama kuna maji yameuzunguka. Inaonyesha pia maji yaliyo kati ya mbavu na pafu, na pafu lililolowa huonekana kama mistari meupe inayoshuka. Faida yake kubwa ni kwamba mashine humfuata mgonjwa kitandani, si mgonjwa kuifuata mashine. Upungufu wake ni kwamba sauti haipiti kwenye hewa, basi haioni ugonjwa uliojificha katikati ya pafu lenye hewa. Tena inategemea sana mkono na jicho la anayeishika.

Ya tatu ni skaneri. Hii hukata kifua vipande vipande kama mkate na kuonyesha kila kipande. Inaona mengi kuliko nyingine, hata mshipa ulioziba. Lakini mionzi yake ni kama ya makumi ya radiografi, bei yake ni kubwa, inataka umeme mwingi usiokatika, na fundi wake hapatikani kila mahali.

Kumbuka pia kwamba picha haisemi jina la virusi. Jina husemwa na maabara. Na picha nzuri haimaanishi kwamba mtu hana ugonjwa. Huko Hong Kong, mwanzoni mwa 2020, wagonjwa 64 wa Korona walichunguzwa. Radiografi ya kwanza ilionyesha kasoro kwa 69 tu katika kila 100. Waliobaki walikuwa wagonjwa, na picha ilisema hawana kitu. Ndiyo maana Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mashauri yake ya Juni 2020, halikupendekeza picha kwa mtu asiye na dalili. Kwa aliyelazwa, mwenye ugonjwa wa kati au mkali, lilipendekeza picha imsaidie mganga kuchagua matibabu, pamoja na uchunguzi wa mwili na maabara. Kwa hiyo usiende kudai picha kwa sababu jirani amekohoa. Na usiikatae mganga anapoiomba kwa mgonjwa aliyelazwa.

HESABU ZINASEMA NINI

Pengine utasema: haya ni maneno ya vitabu. Basi tuangalie hesabu.

Katika Aprili 2020 waganga wa nchi 69 walikusanya majibu ya ekografi za moyo za wagonjwa 1,216 waliokuwa na Korona au walioshukiwa kuwa nayo. Kwa 55 katika kila 100, ekografi ilionyesha kasoro. Na kwa mgonjwa mmoja katika kila watatu, mganga alibadili matibabu baada ya kuiona. Ni kweli kwamba hao walikuwa wamechaguliwa, maana mganga alikwisha kushuku moyo wao. Lakini hospitali moja ya Tel Aviv iliwapima wagonjwa 100 waliolazwa kwa mfululizo, bila kuchagua. Ni 32 tu waliokuwa na moyo wa kawaida. Kasoro iliyoonekana zaidi, kwa wagonjwa 39, ilikuwa upande wa kulia wa moyo kupanuka au kulegea. Upande wa kushoto ulikuwa na unyonge wa kusukuma kwa 10.

Unaona? Moyo unaumia kwa sababu mlango wa mapafu umefungwa. Atakayetibu mapafu akausahau moyo, ametibu nusu ya mtu.

Hesabu nyingine inatuhusu zaidi sisi Waafrika. Kati ya Mei na Desemba 2020, hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, ziliwafuata wagonjwa mahututi 3,140 wa Korona. Katika siku 30, 48 katika kila 100 walikufa. Mahali pengine duniani wastani ulikuwa kama 31 au 32. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba uhaba wa vifaa na wa matunzo ya wagonjwa mahututi ulichangia vifo hivyo. Ugonjwa ni ule ule. Vitanda havikuwa sawa.

MAPAFU YA MCHIMBAJI YANA HISTORIA YAKE

Sasa tuje kwako wewe, mtu wa migodi. Katika Maniema kazi ya bati ni ya miaka mingi. Baba zetu na babu zetu waliifanya Kalima, Punia na Kailo, tangu siku za Symetain, kisha Sominki iliyoundwa mwaka 1976 na kumalizika miaka ya 1990. Leo wako wanaochimba kasiterite, wolframi na koltani, wengine kwa kompani, wengine kwa mikono yao wenyewe.

Kasiterite na wolframi hukaa mara nyingi katika mishipa ya jiwe gumu jeupe, kwaruzi. Ukilipasua na kulitwanga likiwa kavu, hutoa vumbi ambalo jicho halilioni. Vumbi hilo likiingia kwenye vifuko vya hewa halitoki tena. Linaacha makovu: ndio ugonjwa wa silikosi. Nao unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Tena vumbi hilo hufungulia kifua kikuu mlango. Mtu mwenye silikosi hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwenziwe asiye nayo.

Mchimbaji huyu akilazwa kwa gripi au Korona na kupigwa picha, mganga ataona nini? Ataona vidonge vyeupe sehemu ya juu ya mapafu. Je, ni makovu ya zamani? Ni kifua kikuu? Ni virusi vya wiki hii? Bila kitu cha kulinganisha, mganga anabahatisha. Anaweza kumpa dawa za kifua kikuu za miezi sita mtu asiye na kifua kikuu, au kumwachia kifua kikuu akidhani ni kovu. Kikohozi kikiwa na makohozi, maabara ipime makohozi. Lakini kitu kinachomsaidia mganga kuliko maneno yote ni picha ya zamani ya mtu huyo huyo. Kilichokuwapo miaka mitatu iliyopita ni kovu. Kilichoingia leo ni ugonjwa mpya.

Mataifa yanajua jambo hili. Shirika la Kazi la Kimataifa, ambalo mwaka 1930 lilikutanisha wataalamu Johannesburg kwa ajili ya silikosi, lina picha za mfano ambazo mganga huweka kando ya picha ya mchimbaji na kulinganisha. Lakini picha ya mfano ya shirika haiwezi kushinda picha yako mwenyewe.

Na moyo wa mchimbaji? Mapafu yenye makovu huusumbua upande wa kulia wa moyo kwa miaka. Huo ndio upande ambao virusi vikali huulemea zaidi. Mtu huyo anaingia hospitalini akiwa amekwisha kubeba mzigo. Virusi vinamwongezea mwingine. Kwa hiyo mama, mumeo akilazwa, usingoje kuulizwa. Mwambie mganga: "Huyu amefanya kazi ya kutoboa mwamba miaka kadhaa." Maneno hayo machache ni sehemu ya matibabu.

HEWA KWANZA, PICHA BAADAYE

Tunaoishi Lokandu tunajua njia yetu. Lokandu iko juu ya Lualaba, chini ya mto kutoka Kindu. Ukitaka kwenda mjini kwa maji, unapanda mto, unapigana na mkondo. Ukienda kwa njia ya nchi kavu, mvua ikinyesha unajua mwenyewe. Kwa mtu mzima ni safari. Kwa mtu asiyepata hewa ni hatari kubwa.

Ndiyo maana tunasema kwa nguvu: picha isimuue mgonjwa. Mtu anayehema haraka, ambaye midomo yake imekuwa ya kibuluu, hakosi picha, anakosa oksijeni. Kituo cha afya kipime kwanza kwa kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole. Kikisoma chini ya 90 kwa 100, huo ni ugonjwa mkali, na oksijeni ianze pale pale. Mgonjwa akisha kutulia, ndipo mganga aamue kama atasafiri, na akisafiri, oksijeni na muuguzi wasafiri naye. Kumweka kwenye mtumbwi bila hewa, saa nyingi, ili tu akapigwe picha, ni kutafuta macho huku ukiacha roho itoke.

Lakini usigeuze shauri hili kuwa kisingizio cha kukaa nyumbani. Mwenye kifua kinachobana, anayeshindwa kumaliza sentensi bila kupumzika, aliyezimia, aliyevimba miguu ghafula, au mtoto wa surua ambaye mbavu zake zinaingia ndani akivuta pumzi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, angali na nguvu za kusafiri. Anayengoja siku nne kwa dawa za sokoni hufika wakati safari yenyewe imekuwa hatari.

Tuseme neno moja juu ya dawa za sokoni. Mwezi wa Juni 2020 uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba dawa iitwayo deksametasoni hupunguza vifo vya wagonjwa wa Korona wanaopewa oksijeni: kwa theluthi moja kwa wale wanaopumua kwa mashine, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni tu. Lakini wale wasiohitaji oksijeni hawakupata faida, na pengine iliwadhuru. Tena dawa hiyo hupunguza kinga ya mwili. Kwa mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha ni kama kumfungulia mwizi. Usiinunue kwa sababu rafiki alipona nayo.

TUNATAKA NINI

Kuna wanaosema: katika nchi ambayo oksijeni haitoshi, kusema juu ya picha ni kuvaa tai bila shati. Hoja hiyo ina uzito. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, kinunuliwe kifaa cha kidole na mashine inayotenga oksijeni kutoka hewani, pamoja na umeme wa jua wa kuiendesha. Hilo hatubishani. Lakini oksijeni ikisha kuwapo, swali linarudi: huyu ni yupi kati ya wale wanne? Oksijeni humpa mgonjwa muda. Haimwambii mganga afanye nini na muda huo.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyaona kuwa ya haki.

Kwanza, kila mtu apigwe radiografi ya kifua siku anapoingia kazi ya vumbi, kisha kwa vipindi ambavyo mganga wa kazi atavipanga, na tena siku anapoacha kazi. Picha iwekwe, na mfanyakazi apewe nakala yake. Isibaki katika kabati ambalo karani akihama, ufunguo unahama naye. Sheria ya Kazi ya Kongo, Na. 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi na jamaa yake. Sisi tunasema picha ya mwanzo ni sehemu ya matibabu hayo, maana bila hiyo picha ya siku ya ugonjwa husomwa nusu.

Pili, mahali kama Lokandu tusianze kwa kuota skaneri. Mashine kubwa isiyo na umeme wala fundi hugeuka kabati la kuwekea karatasi. Tuanze na ekografi ya kubebwa. Siku hizi ziko zinazoshikwa mkononi na kuunganishwa na simu. Mashine moja hiyo humsaidia mwenye nimonia, mwenye moyo ulioshindwa, na mama mwenye mimba.

Tatu, mashine isije peke yake. Wafundishwe waganga na wauguzi wa hapa hapa, si siku mbili na cheti, bali chini ya jicho la mwenye kujua mpaka mkono uzoee. Ekografi iliyosomwa vibaya ni mbaya kuliko kukosa ekografi, kwa sababu inadanganya kwa sauti ya mashine.

Nne, tusiwasahau wachimbaji wa mikono yao, ambao hawana kompani, hawana faili, wala kapita wa kuwaandikia barua. Vumbi lao ni lile lile. Hospitali inayopokea wafanyakazi iwapokee nao, na vyama vyao vya ushirika vichange kwa ajili ya picha ya mwanzo kama vinavyochanga kwa ajili ya mazishi.

SIKU YA KURUDI KAZINI

Tumalize na jambo linalogusa mfuko. Umetoka hospitalini. Homa imekwisha. Nyumbani unga unaisha, na kapita anauliza utarudi lini. Unatamani kurudi kesho.

Subiri kwanza. Kama ekografi ilionyesha msuli wa moyo umevimba, jua kwamba kwa miaka mingi waganga wa moyo wamewashauri wachezaji wenye ugonjwa huo wapumzike miezi 3 hadi 6 na kuchunguzwa tena kabla ya kurudi uwanjani. Sababu ni kwamba moyo uliovimba, ukilazimishwa, unaweza kupoteza mapigo yake ghafula, na mtu akaanguka akafa bila kuaga. Kama mpira wa dakika 90 unakatazwa, itakuwaje nyundo, koleo na mfuko wa mawe wa kutwa nzima? Kwa maoni yetu mfanyakazi huyo apewe kazi nyepesi kwa barua ya mganga, bila kupoteza nafasi yake. Kapita anayemrudisha shimoni kwa hasira hapati mfanyakazi. Anapata msiba kazini. Na wewe mfanyakazi, usiifiche barua ya mganga ili uonekane shujaa.

KUMBUKA

Pumzi ikikatika, oksijeni kwanza, picha baadaye.

Mganga akiomba picha kwa mgonjwa aliyelazwa, muulize anatafuta nini na jibu litabadili dawa gani. Mganga mwema hatakasirika.

Mweleze mganga miaka uliyokaa katika vumbi.

Tunza picha zako za zamani pakavu, mahali ambapo mke na watoto wanapajua. Usizikunje, wala usizitie dirishani kuziba tundu la kioo.

Lowesha mwamba kabla ya kuutoboa. Barakoa si pambo.

Watoto wapate chanjo ya surua kwa wakati wake. Nimonia ya surua iliyozuiwa kwa sindano moja haihitaji picha yoyote.

Ndugu msomaji, shimoni huingii bila taa, kwa sababu unajua giza halina huruma. Taa haichimbi jiwe, lakini bila taa nyundo hupiga mkono. Picha ya mapafu na moyo ni taa ya mganga. Tuidai pale inapohitajika, tuitunze ikipatikana, na tusiifanye mungu. Afya njema kwako na kwa jamaa yako yote.